Kusaka nyota za masizi kwenye data za anga: mwongozo kwa mwenye laptopu na bando, Dar es Salaam

Nyota badilifu zinazojulikana leo ni mamilioni, lakini kuna aina chache ambazo orodha yake yote inaenea kwenye kurasa mbili tatu. Mwongozo huu unashughulika na aina moja tu: nyota za R Coronae Borealis, kwa kifupi RCB. Edward Pigott aliona kufifia kwa ile ya kwanza mwaka 1795, na hadi sasa zilizothibitishwa katika Njia Nyeupe hazijafika 200. Tumeichagua kwa sababu mabadiliko yake ni makubwa mno, hayahitaji vipimo vya hali ya juu, na kwa sababu nyota adimu mara nyingi zimeshapigwa picha mamia ya mara na hata kupewa namba, ila zimetupwa kwenye kapu lisilo lao.

Hapo ndipo pa kutafuta. Anayeanza hutamani nyota mpya kabisa, isiyo kwenye orodha yoyote. Kwa nyota za mag 11 hadi 15 (mag ni kipimo cha mwangaza: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi) uwanja huo umeshafagiliwa na mashine. Lakini mashine ikikutana na mchoro wa mwangaza isiouelewa huandika "L" (isiyo na mpango), "SR" (yenye mpango nusunusu) au "VAR" (badilifu tu) na kuendelea na safari. Kazi yako ni kufungua makapu hayo na kuangalia kwa jicho.

Darubini haihitajiki. Taa za Kariakoo na mawingu ya masika hayazigusi data zilizopigwa Chile, Hawaii au Sutherland kule Afrika Kusini.

Unachokisaka kinafananaje

RCB ni nyota kubwa sana iliyokwisha poteza karibu haidrojeni yake yote na kubaki na heliamu na kaboni nyingi. Mara kwa mara, bila ratiba, hutema wingu la kaboni. Wingu hilo likitokea upande wetu, nyota inafifia kama taa ya chemli ambayo kioo chake kimeshika masizi, na masizi ndiyo hayo hasa: chembe za kaboni. Kwenye mchoro wa mwangaza utaona mambo haya:

Nyota imetulia kwa miezi au miaka, ikichezacheza kwa sehemu ndogo ya mag moja tu, mara nyingi kwa mizunguko ya siku 40 hadi 100. Ghafla inashuka mag kadhaa ndani ya wiki chache. Zinazozidi huweza kushuka hata mag 8. Kisha inapanda taratibu, kwa miezi au zaidi ya mwaka, na kupanda huko kunaweza kukatizwa na mshuko mwingine. Hakuna mshuko unaofanana na mwenzake, na hakuna kipindi maalumu kati yao. Ukiona mishuko inayojirudia kila baada ya siku 312, umeshika kitu kingine.

Jizoeze jicho kwanza. Kabla ya kusaka, vuta michoro ya V739 Sgr na GU Sgr, zote ziko kwenye kundi la Kausi, yaani Mshale, na zote zinajulikana kuwa RCB. Halafu vuta ya Mira yoyote (aina M: nyota kubwa nyekundu inayopanda na kushuka kwa kipindi). Anayeruka hatua hii hupoteza wiki nzima akifukuza Mira.

Vifaa

Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha, GB 8 ni raha. Sakinisha TOPCAT, programu ya bure ya kushughulikia majedwali inayohitaji Java, na Aladin kwa ajili ya picha za anga. Kwa michoro tumia LibreOffice au Excel. Ukijua Python, ni bora zaidi. Simu peke yake haifai, si kwa sababu ya nguvu bali kwa sababu utahitaji kutazama jedwali, mchoro na picha kwa pamoja.

Kuhusu bando: data zenyewe ni nyepesi. Faili la nyota moja kutoka ASAS-SN, mtandao wa kamera tutakaoutumia Hatua ya 3, lina mistari elfu kadhaa na kwa kawaida halifiki MB 1. Kinachomaliza bando ni picha za Aladin, hasa ukiwa unavuta na kukuza ovyo. Fanya orodha mchana, na picha ziachie bando la usiku. Umeme ukikatika TOPCAT haikuhifadhii chochote, kwa hiyo hifadhi jedwali kila baada ya hatua, tena kwa muundo wa FITS au VOTable. Usipitishe namba za nyota za Gaia, satelaiti ya Ulaya ya kupima nyota, kwenye Excel: zina tarakimu 18 au 19, Excel inashika 15 na kuzigeuza zilizobaki kuwa sifuri, na utakuja kutafuta nyota isiyokuwepo.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha ya washukiwa

Orodha kuu ya nyota badilifu duniani ni VSX, inayotunzwa na AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota badilifu, na nakala yake ipo VizieR, maktaba ya mtandaoni ya orodha za anga, kwa jina B/vsx. Usiipakue yote. Ndani ya TOPCAT fungua dirisha la TAP, chagua TAPVizieR, kisha andika:

SELECT * FROM "B/vsx/vsx"
WHERE "Type" IN ('L','L:','SR','SR:','VAR','M:')
AND "max" BETWEEN 10.5 AND 14
AND "min" - "max" > 2
AND "RAJ2000" BETWEEN 255 AND 285
AND "DEJ2000" BETWEEN -40 AND -15

Nukta mbili baada ya aina maana yake ni kwamba aliyeiandika hakuwa na uhakika, na shaka yake ni faida yako. Eneo tulilochagua ni upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, ambako RCB zimejazana kuliko kwingine. Nyota ya aina L au SR yenye mabadiliko ya zaidi ya mag 2.5 inatia shaka yenyewe tu, kwa kuwa aina hizo kwa kawaida hazifiki huko.

Kuna mtego hapa. Katika VSX baadhi ya mistari, namba iliyo kwenye "min" si mwangaza wa chini bali ni ukubwa wa mabadiliko. Tovuti huifunga kwenye mabano, lakini hesabu yako haitayaona mabano hayo na itaitupa mistari hiyo yote. Rudia ombi lilelile, ukibadilisha sharti la tatu liwe "min" BETWEEN 2 AND 9. Nyota yenye kilele cha mag 12 haiwezi kufifia hadi mag 3, kwa hiyo zitakazokuja ni zile zilizoandikwa kwa mtindo wa pili. Unganisha majedwali mawili.

Hatua ya 2: Punguza kabla ya kuvuta michoro

Linganisha orodha yako na AllWISE, orodha ya darubini ya angani ya infraredi WISE, ambayo VizieR inaiita II/328, kwa umbali wa sekunde 3 za tao. TOPCAT inafanya hivyo kwa dirisha la CDS X-Match. Masizi yenye joto la nyuzi mia kadhaa yanang'aa kwenye infraredi, kwa hiyo RCB huwa na ziada kubwa kati ya W1 na W2, yaani mag kwenye machujio mawili ya infraredi ya WISE. Nyota ambayo W1 toa W2 inakaribia sifuri haina vumbi la moto, itoe. Ila angalia: WISE huzidiwa na nyota angavu kuliko takribani mag 8 kwenye W1 na mag 7 kwenye W2, na hapo tofauti hiyo si ya kutegemea. Zenye W1 angavu namna hiyo zibakize, usizihukumu kwa rangi.

Kisha Gaia DR3, iliyotoka Juni 2022. Chukua paralaksi (msogeo mdogo wa nyota unaoonyesha umbali wake) na G, yaani mag ya Gaia, upime mwangaza halisi M kwa kanuni: M = G + 5 × log(paralaksi kwa milisekunde za tao) − 10. Tuseme G ni 12 na paralaksi ni 0.2. Log ya 0.2 ni −0.7, mara 5 ni −3.5, kwa hiyo M ni −1.5. Ukitoa mag 2 zilizomezwa na vumbi la njiani, unafika −3.5. RCB nyingi ziko kati ya −3 na −5, kwa hiyo mshukiwa huyu anapita. Sasa weka paralaksi ya 2 kwa G ileile: M inakuwa +3.5. Hiyo si nyota kubwa hata kidogo. Ama ni nyota changa iliyozungukwa na vumbi lake, ama ni jozi ambayo mmoja anamnyonya mwenzake. Toa. Kama kosa la paralaksi ni zaidi ya theluthi ya paralaksi yenyewe, usihesabu kitu, bakiza nyota na usonge mbele.

Hatua ya 3: Vuta mchoro wa mwangaza

Anza na ASAS-SN Sky Patrol. Mtandao huu wa kamera ndogo, lenzi za sentimita 14, unaangalia anga lote, na data zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 2013 hivi. Weka RA na Dec, yaani anwani ya nyota angani, kwa digrii, omba siku nyingi kadiri inavyoruhusu, subiri dakika chache, pakua CSV.

Faili likifunguka utakuta safu ya mag yenye maandishi kama ">17.1" na kosa la 99.99. Maana yake kamera iliangalia ila haikuiona nyota. Ingekuwa angavu kuliko 17.1 ingeonekana. Excel inaichukulia kama neno na kuiacha nje ya mchoro. Wengi huifuta mistari hiyo wakidhani ni uchafu, wengine huchuja kila chenye kosa kubwa kuliko 1. Kwa kazi hii hilo ni kosa baya kuliko yote, maana RCB ikiwa chini kabisa ndiyo mistari pekee inayobaki. Tengeneza safu mpya, ondoa alama ">", na uichore kwa rangi nyingine, vialama vikiangalia chini. Geuza pia mhimili wa wima: namba ndogo juu.

Huu ni mfano wa kubuni wa sura unayoitafuta, kwa tarehe za Juliani, yaani hesabu ya siku mfululizo:

2459310: 12.8
2459318: 13.6
2459325: 15.1
2459333: 16.4
2459340: >17.1
2459480: >17.0
2459630: 15.9
2459720: 14.3
2459850: 13.3

Imeshuka zaidi ya mag 4 ndani ya mwezi, imetumia zaidi ya mwaka kupanda, na bado haijarudi ilikokuwa. Pengo kati ya 2459480 na 2459630 ni la kawaida: Jua liko upande wa Kausi mwezi Desemba, na hakuna kamera ya ardhini inayoliona eneo hilo hadi Februari hivi. Mshuko ukiangukia humo ndani, utaona tu nyota imerudi ikiwa imefifia.

Tarehe ya Juliani hubadilika saa sita mchana kwa saa za dunia, yaani saa tisa alasiri kwa saa za Dar. Ni rahisi kwetu: usiku wetu wote, toka magharibi hadi alfajiri, uko ndani ya siku moja ya Juliani. ATLAS na ZTF, mitandao mingine ya kupiga picha za anga utakayokutana nayo Hatua ya 4, hutumia MJD, namna fupi ya tarehe hiyo; ongeza 2400000.5 kabla ya kuunganisha.

Hatua ya 4: Tilia shaka kila mshuko

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapoishia, na ndivyo inavyotakiwa.

Mshuko wa 2018. ASAS-SN ilianza na chujio V, ikahamia chujio g, na kwa muda mfupi yalikwenda pamoja. Nyota nyekundu kwenye g huonekana hafifu zaidi, hata kwa mag 1. Ukichora zote kwa rangi moja utapata "mshuko" safi kabisa mwaka 2018, kwenye kila nyota nyekundu unayoigusa. Tenganisha kwa chujio. Kisha tafuta siku ambazo zote mbili zilipiga wakati nyota imetulia, pata tofauti ya wastani, na usogeze g juu kwa kiasi hicho. Wakati wa mshuko rangi ya nyota yenyewe hubadilika, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko nusu mag baada ya kusogeza usiiamini.

Nyota jirani. Pikseli moja ya ASAS-SN ni sekunde 8 za tao, na alama ya nyota moja inatanda kama 16. Upande wa Kausi nyota zimebanana kuliko watu kwenye mwendokasi wa asubuhi, na humo ndani ya duara la kipimo kunaweza kuwa na nyota tatu. Dalili ni sakafu iliyonyooka: mchoro unashuka kutoka 13 na kusimama 15.5 kwa miezi bila kutikisika. Hiyo 15.5 ni jirani, nyota yako imeshapita chini yake. Fungua Aladin kwenye picha za DSS, au SkyMapper kwa anga la kusini, na uhesabu nyota zilizo ndani ya sekunde 16.

Kamera moja. Kila mstari una herufi za kamera. Kama mshuko unaonekana kwenye kamera moja tu huku nyingine zikiwa shwari usiku uleule, tatizo ni la kamera.

Kuzidiwa na mwanga. Nyota angavu kuliko mag 11 hivi huharibu vipimo vya ASAS-SN, na matokeo hurukaruka bila mpango.

Mshuko ukivuka vizuizi hivyo, nenda ATLAS. Fungua akaunti, ni bure, na utumie huduma yao ya kupima mahali unapopataja. Chagua vipimo kutoka picha za kawaida, si za tofauti, maana picha za tofauti zinaonyesha tu mabadiliko dhidi ya picha ya zamani. ATLAS hupiga eneo mara nne kwa usiku. Chukua wastani wa usiku, na tupa yenye safu ya err isiyo sifuri. Huzidiwa na nyota angavu kuliko mag 12.5 hivi, lakini kwa chini inaona mpaka kama 19, kwa hiyo sakafu ambayo ASAS-SN ilishindwa kuifikia huenda ukaipata. Faida yake kubwa ni machujio mawili, c na o. Vumbi humeza zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo c kwa kawaida hushuka zaidi ya o. Zikishuka sawasawa kabisa, rudi kwenye picha za jirani.

ZTF ya Palomar nayo ni nzuri kwa nyota zilizo kaskazini ya digrii −30 hivi. Tumia mistari yenye catflags sifuri tu.

Hatua ya 5: Waondoe wanaofanana nayo

Mira ndiyo inayosumbua zaidi. Inapanda na kushuka zaidi ya mag 2.5, lakini kwa kipindi, kati ya siku 80 na 1000. Tafuta kipindi kwa DCDFT kwenye VStar, programu ya AAVSO, au kwa Lomb-Scargle kwenye Astropy ya Python; zote ni hesabu za kusaka kipindi, na matokeo yake ni mchoro wenye vilele. Kilele kinachotokea karibu na siku 1, 29.5 au 365 kipuuze kwanza: hizo ni nyayo za usiku, Mwezi na mwaka, hazitoki kwenye nyota. Ukipata kipindi P, kunja data kwa kanuni ya jedwali =MOD((A2-2457000)/P;1) na uchore mag dhidi ya matokeo hayo. Mira itajipanga kwenye wimbi moja, RCB itatawanyika.

Mira za kaboni ni wajanja zaidi, kwa sababu nazo hutoa vumbi na kufifia kwa miaka. Tofauti ni kwamba hata zikiwa chini zinaendelea kupumua kwa kipindi kilekile, kwa mag moja au zaidi. RCB ikiwa juu hucheza kwa sehemu ndogo tu. Nyota changa zenye vumbi hushuka na kupanda kwa siku chache na hukaa karibu na mawingu ya gesi; paralaksi ya Hatua ya 2 ilipaswa kuziondoa, ila zingine hupenya. Na DY Persei, binamu baridi wa RCB, hushuka polepole na kupanda kwa mwendo unaokaribiana na wa kushuka. Ukiipata hiyo usisikitike, nayo ni adimu.

Hatua ya 6: Spektra, kisha kuripoti

Mchoro peke yake haumthibitishi mshukiwa. Uthibitisho ni spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake: mikanda ya kaboni C2 karibu na urefu wa wimbi wa angstromu (Å) 4737 na 5165, pamoja na mistari ya haidrojeni iliyo hafifu mno au haipo kabisa. Gaia DR3 ina spektra za ubora wa chini za nyota takribani milioni 220, na mshukiwa wa mag 13 huenda yumo; mikanda mikubwa ya kaboni unaweza kuiona hapo, haidrojeni ni vigumu. Kwa zaidi ya hapo unahitaji mtu mwenye muda wa darubini kubwa. Mwandikie mtafiti aliyechapisha kuhusu RCB, barua fupi: mahali kwa J2000, namba ya Gaia, mchoro mmoja wenye machujio yaliyotenganishwa, M uliyoihesabu, na W1 toa W2. Usimtumie CSV kumi.

Kwa VSX, fungua akaunti ya AAVSO na utumie fomu ya kurekebisha nyota iliyopo, si ya kuandikisha mpya. Kama hakuna spektra, aina iandikwe "RCB:" na nukta mbili zake. Weka mwangaza wa juu na wa chini pamoja na chujio cha kila mmoja. Kama chini ilikuwa ni kikomo tu, andika alama "<" mbele ya namba, maana VSX hutumia alama hiyo kwa hafifu kuliko. Kipindi kiache wazi. Kwenye maelezo taja tarehe ya mwanzo wa kila mshuko na chanzo cha data. Mhakiki akirudisha fomu, mara nyingi swali ni jirani: ambatisha mapema picha ya eneo yenye duara la sekunde 16 na mwangaza wa kila nyota iliyomo.